Mshono Niliougeuza Mkanda

Nyinyi vijana mkiniuliza nilifanya kazi gani hapa Brussels, naziona nyuso zenu. Tayari mmeshajijibu: mjomba wenu, tonton Déo, alifagia ofisi, au alisimama mlangoni pa duka. Nilifagia, ndiyo, miaka mitatu pale Etterbeek, na sioni aibu. Lakini kazi iliyonila mgongo na kunipa pensheni ilikuwa nyingine. Nilikuwa natengeneza watu wa kale. Nimetoa wafalme, miungu, farasi wawili na wazee wa baraza wasio na pua. Siku moja nilipanda tramu na kichwa cha mungu mke, nimekifunga kwenye gunia, na maman mmoja akaniuliza viazi vile nimevinunua wapi.

Karakana yetu ilikuwa chini ya jumba la makumbusho ambalo sitalitaja jina, maana humu nitasema makosa yangu na wengine walioyaona bado wako hai. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Sanamu ya asili iko Roma au Athene na haiwezi kusafiri. Lakini zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa, mafundi walikwenda huko wakaipaka plasta kipande kwa kipande, wakarudi na kalibu. Ukivipanga vipande hivyo ndani ya ganda la nje linalovishikilia, ukafunga kamba na kumwaga plasta, unapata nakala. Tulikuwa na rafu za kalibu hadi kwenye dari. Nyingine hazikuwahi kufunguliwa tangu enzi za mfalme yule wa Ubelgiji mwenye ndevu ndefu, ambaye sisi Wakongo hatuhitaji kuambiwa jina lake.

Somo la kwanza nawapa bure. Plasta ndiyo inayoingia majini, si maji kuingia kwenye plasta. Unainyunyiza kidogo kidogo kwa vidole hadi vitokee visiwa vidogo juu ya maji. Hapo unaacha. Unangoja inywe. Kisha unaingiza mkono wako hadi chini ya ndoo na kuuzungusha taratibu, bila kuutoa, usije ukaleta mapovu. Mimi siku ya kwanza nilifanya nilichojua. Nilitia unga mwingi, nikachukua mti, nikasonga bugali. Nilisonga kwa nguvu zangu zote ili bwana mkubwa aone kwamba nimetoka katika nyumba ya watu wanaojua kusonga. Kabla sijapangusa jasho, ndoo ilikuwa jiwe na mti umesimama katikati.

Bwana mkubwa huyo aliitwa Jef. Alikuwa Mflamandi wa Berchem-Sainte-Agathe, mfupi, vidole vinene, na alikuwa amefanya kazi ile tangu ana miaka kumi na sita. Tuliongea Kifaransa, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, lakini hapa nitamwandika kwa Kiswahili. Hakunigombeza. Aliipindua ndoo, akalitoa lile jiwe lenye mti, akaliweka juu ya kabati. “Bon,” akasema, “nakala yako ya kwanza.” Lilikaa pale juu hadi nilipostaafu, na kila mgeni alielezwa.

Jef alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Nakala ikishakauka, aliipindua na kuandika chini yake kwa penseli ya bluu ni ya nani na imetoka wapi. Hata kidole gumba cha mguu, kama kimetoka Athene aliandika Athene. Kitu kisichojulikana kimetoka wapi, alisema, hakipandi ngazi za kwenda juu kwa wageni. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Baadaye ndipo nilipoielewa, na naomba muikumbuke penseli hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa 1996 walikuwa wanaandaa maonyesho makubwa juu ya watu waliokuwa Italia kabla ya Roma kuwa Roma. Aliyeyasimamia alikuwa Madame Hélène, mtaalamu wa mambo hayo, mwanamke mrefu aliyetembea upesi na kusahau miwani yake kila mahali. Alikuwa akishuka karakana kutueleza, na akieleza utadhani anasema habari za majirani. Kulikuwa na Walatini kwenye vilima, Wasabini milimani, Waetruski upande wa kaskazini, na wengine waliobaki majina tu. Waetruski hao ndio waliomnyima usingizi. Wengine husema walikuja kwa merikebu kutoka mashariki, wengine husema walikuwa pale pale tangu mwanzo. Huu ni ubishi wa zaidi ya miaka elfu mbili, na wenyewe hawapo tena kuulizwa.

Na Roma nayo ina hadithi mbili za kuzaliwa. Moja mnaijua, ya mapacha waliotupwa mtoni wakanyonyeshwa na mbwa mwitu jike, kisha mmoja akamuua mwenzake kwa ajili ya ukuta. Ya pili inaanzia mbali zaidi. Mji wa Troya unaungua. Mtu mmoja anampakia mgongoni baba yake mzee, asiyeweza kutembea, na mzee ameshika mikononi miungu ya nyumbani kwao. Wanatoka kwenye moto, wanavuka bahari, wanafika Italia, na katika uzao wake ndimo anamotoka yule aliyejenga Roma. Fikirini kidogo. Watu wale walitawala nusu ya dunia, wangeweza kujichagulia babu yeyote. Wakachagua mkimbizi mwenye baba mgongoni.

Sanamu ya mtu huyo tulikuwa na kalibu yake. Ya asili ilikuwa ya udongo wa kuchoma, haifiki magotini, ilichimbwa katika mji mmoja wa Waetruski. Ilikuwa na watu wawili tu, kijana na mzee juu yake. Mimi nilimwita Papa Mubebaji. Madame Hélène alitaka awe wa kwanza kuonekana mlangoni.

Nami nilikuwa na sababu zangu za kumpenda. Baba yangu alikuwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, na miguu yake ilikuwa imekwisha kufa ganzi. Alitunzwa na dada yangu mdogo, Nabintu. Mimi nilikuwa nimekimbia kwanza, peke yangu, kwa mambo ya siasa ambayo leo hata hayana maana, nikamwachia Nabintu mzigo wote. Nilitaka baba aje. Wakili aliniambia wazi: bila mkataba wa kudumu, karatasi za mzee hata tusizianze. Na mkataba wangu ulikuwa wa muda, wa kuisha mwezi wa saba. Aliyekuwa anaandika ripoti ya kama nafaa au sifai alikuwa Madame Hélène. Kwa hiyo mnaona. Nilikuwa natengeneza mtu anayembeba baba yake, na kwa plasta hiyo hiyo nilikuwa najaribu kumbeba wangu.

Mwezi wa tano mgongo wa Jef ukakataa. Daktari akamlaza kwake, juu ya ubao, wiki tano. Nikabaki peke yangu na Papa Mubebaji. Niliipaka kalibu sabuni, nikaipaka mafuta, nikafunga vipande vyote, nikamwaga, nikangoja. Hapa somo lingine: plasta ikishika inawaka joto. Usifungue ikiwa moto. Iguse kwa mgongo wa mkono, si kiganja, maana kiganja cha fundi kimeota sugu, hakisikii tena. Ikipoa, fungua.

Nilifungua. Alikuwa mzuri sana. Na nilipomgeuza kwenye mwanga nikaona mstari. Ulianza kwenye paji la uso, ukapita juu ya masikio yote mawili, ukashuka nyuma hadi mapajani mwa mzee.

Sasa, fundi yeyote anajua kwamba nakala hutoka na mistari. Pale vipande viwili vya kalibu vinapokutana, plasta hupenya na kuacha mshono ulioinuka, na kazi yako ni kuukwangua kwa kisu. Nilikuwa nimekwangua mishono mia. Lakini huu sikuuona kuwa mshono. Kwetu mzigo mzito haubebwi begani kama mtungi. Nendeni Bukavu mkawaangalie mamans wanaopanda kutoka ziwani na magunia ya muhogo. Mzigo unakaa mgongoni, mkanda unauzunguka kwa chini, unapanda na kupita kwenye paji la uso. Shingo ndiyo inayobeba. Mama yangu alibeba hivyo hadi akawa na alama kichwani, bonde dogo lisiloota nywele. Kwa hiyo nilipouona mstari ule moyo wangu uliruka. Nilisema: ah, hata hawa! Kumbe hata hawa walibeba kama sisi!

Na kwa kuwa mstari ulikuwa umefifia sehemu mbili tatu, niliusaidia. Huo ndio ukweli. Nilichukua nyuzi za katani, zile tunazochovya kwenye plasta ili kuimarisha nakala kwa ndani, nikazisuka nyembamba kama kamba ya mgomba, nikazichovya, nikazilaza juu ya mstari kuanzia paji la uso hadi chini ya mzee. Nilifanya kazi siku mbili. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile.

Madame Hélène alishuka siku ya tatu. Alimzunguka Papa Mubebaji mara moja, akasimama, akajipapasa kichwani kutafuta miwani, akaivaa.

“Monsieur Déo, hii ni nini hapa?”

“Ni mkanda, Madame. Wa kubebea.”

“Ilitoka hivi?”

Nikasema ndiyo. Wala sikudhani nadanganya. Kwangu mkanda ulikuwepo, mimi nimeusafisha tu.

Akapanda mbio. Akarudi na picha za sanamu ya asili. Kwenye picha hakukuwa na mkanda. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi, lakini yeye ndio kwanza uso ulimng'aa. Alinieleza kwamba udongo huliwa na miaka, na mafundi wa zamani waliposafisha vitu walisugua kupita kiasi. Lakini kalibu yetu ilichukuliwa mapema, kabla ya msuguo huo. Mara nyingi kalibu ya zamani huhifadhi kilichopotea kwenye sanamu yenyewe. Hilo ni kweli, nimeliona mwenyewe mara kadhaa. Basi akaandika. Baada ya wiki akaniletea ukurasa aliotaka kuuchapa kwenye kitabu cha maonyesho, unaosema kwamba hapa pana alama ya jinsi watu wa kwanza wa Italia walivyobeba mizigo, na kwamba desturi hiyo huenda ikaonyesha Waetruski walitoka milima gani. Milima gani! Aliniambia pia, akiwa mlangoni, kwamba ripoti yangu ameianza na inakwenda vizuri sana.

Nilitembea hadi Matonge, mtaa wetu Wakongo wa Brussels, siku hiyo kama mtu aliyepewa kuku mzima.

Siku nne baadaye nilikuwa naipangusa kalibu ili niirudishe kwenye rafu. Niliviunganisha vipande vya kichwa na mgongo, cha saba na cha nane, nikaona pale vinapokutana. Paji la uso. Juu ya masikio. Nyuma hadi mapajani. Nikakaa chini, kwenye sakafu, na vumbi lote lile. Mkanda wa watu wa kwanza wa Italia ulikuwa ni mshono, na juu ya mshono nimelaza kamba ya Kadutu.

Niliogopa. Sitawaficha. Niliona karatasi za baba zikichanika.

Wakati huo habari zetu zote zilipita katika saluni ya Maman Espérance, jirani yetu wa zamani kule Bukavu, aliyesuka nywele karibu na Porte de Namur. Mwaka ule saluni ilikuwa imechemka. Kule nyumbani watu walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana nani alifika Kivu kabla ya nani, na hapa tuliendeleza ubishi huo chini ya mashine za kukausha nywele. Nilipoingia, dada mmoja alikuwa anapiga kelele na rola kichwani:

“Bale balitoka wapi? Siye njo tulikuwaka ya kwanza pale!”

“Ya kwanza mbele ya nani?” Maman Espérance akamjibu. “Ulikuwaka kule ukiandika? Alors kaa chini, nikumalize hii kichwa.”

Watu walicheka, lakini si wote. Nilimvuta Maman Espérance pembeni nikamweleza yangu. Alinitazama na kitana mdomoni, akakitoa.

“Papa Déo, eh! Uko na wazimu? Donc ule mama anasema ni kitu ya muzuri, weye unaenda kumuambia ni kosa? Contrat unatia signature mwezi ya kesho! Nyamaza tu. Bale batu ya zamani balishakufa bote, hakuna mwenye atakuya kukusemea.”

“Na papa?”

“Justement! Unyamaze njo papa akuye!”

Alinipenda, Maman Espérance, na alisema kile ambacho tumbo langu lilikuwa linasema. Nilinyamaza siku tano. Kilichonisumbua kilikuwa yule dada mwenye rola. Nilijiuliza maneno yake yalianzia kwa nani. Labda kuna mtu mahali fulani aliona mstari, akautamani uwe mkanda, akausaidia kidogo. Kisha mwingine akauandika, mwingine akausoma, na sasa watu wanakaribia kuchinjana kwa ajili yake. Mimi mstari wangu nilijua umetoka wapi. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua.

Siku ya sita nilipanda tramu hadi Berchem-Sainte-Agathe. Jef alikuwa amelala chali jikoni kwake, juu ya ubao, redio kifuani. Nilimweleza yote nimesimama. Hakuuliza kuhusu mkanda. Aliuliza, “Mshono ulipita wapi?”

“Paji la uso, halafu juu ya masikio.”

“Cha saba na cha nane,” akasema, amefumba macho. Kisha akaanza kucheka, na mgongo ukamuuma, akawa anacheka na kulia pamoja. “Déo, Déo. Kwanza bugali, sasa hii.” Alipotulia akanigeukia. “Unakwenda kumwambia leo.”

“Nitapoteza mkataba.”

“Labda. Mimi mambo ya mkataba siyajui. Ila mimi nikirudi nitaipindua ile sanamu niandike chini yake imetoka wapi. Niandike nini?”

Nikarudi mjini.

Madame Hélène alinisikiliza bila kukaa. Nilimwonyesha vipande vya kalibu, nikaviunganisha mbele yake, nikapitisha kidole. Alivichukua, akaviunganisha mwenyewe, akaviachanisha, akaviunganisha tena. Nilikuwa nahesabu mabomba ya dari. Mwishowe akauliza swali ambalo sikulitarajia.

“Lakini kwa nini mkanda? Ulifikiria nini?”

Maneno yalinishinda, kwa hiyo nilichukua kamba ya kufungia kalibu, nikaizungusha kwenye kasha la plasta, nikalipakia mgongoni na kupitisha kamba kwenye paji la uso. Nikatembea nalo karakana nzima, nimeinama, kama mama yangu akipanda Kadutu. Nilipogeuka alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Aliniuliza nani anabeba hivyo, mzigo unaanzia uzito gani, shingo inaumia wapi. Nilijibu yote nikiwa bado na kasha mgongoni. Kisha akaukunja ukurasa wake wa Waetruski mara nne, akautia mfukoni.

“Ningeaibika mbele ya watu wote wanaonifahamu,” akasema. “Nimekukasirikia, Monsieur Déo. Na nakushukuru. Vyote viwili, leo.”

Kuhusu mkataba hakusema neno. Niliandaa nakala nyingine, nikaukwangua mshono hadi paji la uso likawa laini kama yai. Hiyo ndiyo iliyosimama mlangoni. Jef aliporudi aliipindua, akaiandikia, akaipandisha. Ile ya kwanza aliiweka juu ya kabati karibu na bugali langu. Aliipindua mara moja, penseli mkononi, akaiacha tupu. Haikuwa nakala ya kitu chochote, alisema. Wiki moja kabla mkataba wangu wa muda haujaisha niliitwa juu, nikatia sahihi mkataba wa kudumu. Ripoti ya Madame Hélène ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema kwamba huyu ni fundi anayeweza kuaminiwa kwa mambo ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyahakiki. Ninayo hadi leo.

Wakili akaanza karatasi za baba. Nilidhani nimewahi.

Mwezi wa kumi vita vikafika Bukavu. Nyinyi mliozaliwa hapa mmesikia wazazi wenu wakikaa kimya kila inapotajwa miezi ile, basi mimi sitawaongezea mengi. Kwa wiki sita sikujua kama baba yangu yuko hai. Kila nilipotoka kazini nilikwenda kwenye vibanda vya simu vya Matonge, tunapanga foleni, kila mtu na kikaratasi cha namba zisizoita. Kazini nilichanganya plasta ikanigandia mikononi. Jef aliniosha mikono mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu.

Kisha siku moja mchana Maman Espérance alituma mtu kuniita. Simu ilikuwa inashikiliwa saluni kwake, kutoka kwa mapadri wa Bukavu.

“Kaka Déo? Ni miye, Nabintu. Papa iko.”

“Iko wapi?”

“Iko hapa, tulirudia juzi. Anakula.”

“Mulitoka namna gani? Papa haweze kutembea!”

“Nilimubeba.”

“Weye na nani?”

“Na nani? Miye peke yangu. Batu bote balikuwa banakimbia. Nilimukalisha mu kikwembe yangu ya kujifunga, nikafunga mukaba, nikaupitisha hapa ku kichwa. Mpaka Walungu, kule ku milima. Siku tatu. Alikuwa analia juu yangu, anasema, mutoto, uniache. Namuambia, papa, nyamaza, gunia ya muhogo inakupita uzito.”

Simu ilikatika. Nililia mbele ya wateja wote, na Maman Espérance akanifunika kichwa kwa taulo la saluni ili nilie vizuri. Nililia kwa furaha na nililia kwa aibu. Mimi mtoto wa kiume, mkubwa, siku zile nilikuwa Brussels nikimbeba baba wa mtu mwingine.

Baba alifika mwaka 1998. Nabintu hakufika. Sheria ilijua wazazi, haikujua dada. Nimejaribu mara tatu, na yeye sasa ana wajukuu na ameniambia niache kumsumbua na baridi yenu hiyo.

Baba alikuwa mkali na mwepesi, na kila siku alitaka kujua kazi hii ya kutengeneza watu ni kazi gani. Basi nikampeleka. Lifti ya kushukia karakana ilikuwa imejaa farasi wa plasta vipande vipande, haitumiki. Kulikuwa na ngazi kumi na nne. Nikainama, nikampakia mgongoni, mikono yake shingoni mwangu. Ngazi ya tatu alianza.

“Déo, unabeba mubaya. Nabintu hakukuwa ananitingisha hivi.”

“Pardon, papa.”

“Uweke shingo! Mugongo haibebe muntu!”

Jef alimpa kiti na kikombe cha kahawa. Baba alitazama wafalme na miungu bila kuvutiwa hata kidogo. Aliuliza jiwe lenye mti ni nini, Jef akamweleza, na mzee akacheka hadi akamwaga kahawa. Kisha macho yake yakahamia kando ya jiwe hilo. Akaacha kucheka. Akaomba aletewe. Jef aliishusha ile sanamu ya kwanza, akaipangusa vumbi na kuiweka mapajani mwake.

Baba alipitisha kidole kwenye paji la uso, juu ya masikio, akashuka hadi mapajani mwa mzee, polepole, kama anasoma. Nikaanza kumweleza kwamba ni mtu wa zamani sana, kwamba mji wake uliungua, kwamba mkanda huo ni kosa langu.

“Namujua,” baba akanikatiza. “Ni Nabintu. Lakini sababu gani mulimufanya mwanaume?”

Jef aliuliza mzee amesema nini. Nikamtafsiria. Aliposikia aliichukua sanamu kutoka mapajani mwa baba kwa mikono miwili, akaipindua. Akaitoa penseli ya bluu sikioni na kuandika, akitamka kila neno kwa sauti ili mzee asikie: Nabintu, kutoka Bukavu hadi Walungu.

Kisha akaipandisha ngazi kumi na nne, mwenyewe, na mgongo ule wake, akaenda kumwonyesha Madame Hélène.